Maswali ya Wasomaji: Tiro, Koreshi na Hesabu za Danieli

Makala yetu ya toleo lililopita kuhusu unabii uliotimia ilikuwa na kurasa mbili tu, na barua zilizokuja zinatosha kujaza kitabu. Tumechagua zile zinazouliza mambo yanayoweza kupimwa, yaani tarehe, maandishi na ushahidi wa nje ya Biblia. Barua tumezifupisha. Miaka ya kabla ya Kristo tumeiandikia K.K., na ya baada yake B.K.

Bwana Yesu asifiwe, wahariri. Nafundisha darasa la vijana kanisani. Kila nikifika Ezekieli 26 kuna kijana wa chuo kikuu anayenibana: anasema Nebukadreza hakuiteka Tiro ya kisiwani, na tena Tiro ipo hadi leo wakati Biblia inasema haitajengwa. Nimjibu vipi? (Mwalimu wa vijana, Morogoro)

Mwalimu, huyo kijana ana hoja mbili. Ya kwanza inajibika, ya pili ni nzito, na ukizijibu kwa pumzi moja atakushinda.

Anza na ramani. Tiro, mji wa Wafoinike kwenye pwani ya Lebanoni ya leo, katika siku za Ezekieli ilikuwa na sehemu mbili: makazi ya bara, na kisiwa chenye ngome kilichokuwa kama mita 700 hadi 800 kutoka ufukweni. Utajiri na hekalu kuu vilikuwa kisiwani. Unabii wenyewe una tarehe: mwaka wa 11 wa uhamisho wa mfalme Yehoyakini, yaani 587 au 586 K.K.

Sasa mwambie asome sura hiyo akiwa na kalamu, aandike pembeni mwa kila mstari nani anatenda. Mstari wa 3 unataja mataifa mengi yanayokuja kama mawimbi. Mistari ya 7 hadi 11 mtendaji ni mmoja, Nebukadreza, mfalme wa Babeli: anawaua walio mashambani, yaani bara, anajenga boma, anabomoa minara, farasi wake wanakanyaga njia. Mstari wa 12 mtendaji anabadilika kuwa wengi: watateka mali, watavunja nyumba, na mawe, miti na mavumbi watavitia majini. Wapo wafasiri wanaosema hao wengi ni askari wa Nebukadreza tu, na kwa sarufi hilo linawezekana. Lakini mawimbi ya mstari wa 3 yanakuja moja baada ya jingine, kwa hiyo anayesoma wavamizi zaidi ya mmoja halazimishi kitu ambacho sura yenyewe haijakisema.

Nebukadreza aliizingira Tiro kwa miaka 13, kuanzia kama 585 hadi 573 K.K. Taarifa hiyo tunayo kwa Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne ya 1 B.K., aliyeitoa katika kumbukumbu za Wafoinike. Kisiwa hakikuvunjwa, kilikuja kukubali mamlaka ya Babeli. Hapo kijana atafungua Ezekieli 29:17-20, ambapo nabii mwenyewe, katika mwaka wa 27 wa uhamisho (571 K.K.), anasema jeshi la Babeli lilichubuka mabega na kupata vipara bila kupata ujira wowote Tiro, na kwamba Misri itakuwa ndiyo mshahara wao. Wakosoaji huiita sura hiyo ungamo la kushindwa. Sisi tunaiona ni ushahidi kwamba hakuna aliyekaa baadaye akakirekebisha kitabu ili kionekane kizuri. Mtu wa kughushi angeanza kwa kuifuta aya hiyo. Na kipo kipande cha bamba la udongo la Kibabeli, katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, kinachotaja vita vya Nebukadreza dhidi ya Misri katika mwaka wake wa 37, yaani 568 au 567 K.K. Kimevunjika, kwa hiyo matokeo ya vita hayajulikani kutokana nacho. Kitumie kwa kiasi hicho tu.

Kinachofuata ndicho kiini. Mwaka 332 K.K. Aleksanda Mkuu alifika akataka kutoa sadaka katika hekalu la kisiwani. Watiro wakakataa. Hakuwa na meli za kutosha, akaamua kujenga tuta baharini. Mwanahistoria Diodorus anaeleza kwamba aliivunja Tiro ya kale ya bara, akatumia mawe yake kujaza bahari, na upana wa tuta ulikuwa kama mita 60. Miti ililetwa kutoka milima ya Lebanoni. Tuta lilipokaribia kisiwa, maji yakawa marefu na mishale ikazidi. Watiro wakasukuma meli iliyojaa vitu vya kushika moto, wakaiunguza minara ya mbao iliyokuwa kwenye ncha ya tuta. Aleksanda akalipanua tuta, kisha akaenda kukusanya meli zaidi ya 200 kutoka Sidoni, Kipro na kwingineko. Mji ulianguka baada ya miezi 7. Mwanahistoria mwingine, Arrian, anaandika kwamba waliouawa ni kama 8,000 na waliouzwa utumwani kama 30,000. Mchanga ukaendelea kujikusanya pande zote mbili za tuta, na ndiyo maana leo Sur, mji wa Lebanoni, hauko tena kisiwani bali kwenye rasi. Wanajiolojia wameonyesha kwamba chini ya maji tayari palikuwa na fungu la mchanga lililomrahisishia Aleksanda kazi. Hilo halipunguzi kitu: mji uliokwanguliwa bara na kutupwa baharini ni jambo lisilo la kawaida katika vita vya kale, na ndilo lililoandikwa.

Hoja ya pili ni mstari wa 14, kwamba haitajengwa tena. Usimwambie kijana kwamba hakuna mji pale. Upo, una watu wengi, una magofu ya Kirumi yaliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1984. Yesu alifika mipaka ya Tiro (Marko 7:24), na Paulo alikaa huko siku 7 (Matendo 21:3-4). Wengine hujibu kwamba mstari unahusu sehemu ya bara pekee. Jibu hilo lina tabu, kwa sababu na bara pia pamejengwa. Jibu tunaloliona imara zaidi linatoka Ezekieli 27, sura inayofuata, ambayo inaeleza Tiro inayolengwa ni ipi: ufalme wa biashara unaopokea fedha, chuma, bati na risasi kutoka Tarshishi, wenye meli kila bandari. Ufalme huo haukurudi. Baada ya 332 K.K. Tiro ilikuwa mji chini ya mikono ya wengine: warithi wa Aleksanda, Rumi, na wengineo waliofuata. Mwenye kutaka mstari wa 14 umaanishe kwamba hakuna tofali litakalosimama, mwache nao. Usijenge somo lako juu yake.

Mstari wa 5 na wa 14 inasema Tiro itakuwa mahali pa kutandazia nyavu. Picha ya wavuvi wakianika nyavu Sur, inayopendwa sana kwenye mahubiri, iweke mwishoni kabisa. Nyavu zinaanikwa Bagamoyo na Malindi pia.

Shalom. Isaya 44:28 na 45:1 inamtaja Koreshi, mfalme wa Uajemi, kwa jina. Rafiki yangu anadai sehemu hiyo iliandikwa Koreshi akiwa tayari mfalme. Je, magombo ya Qumran hayajamaliza ubishi huu? (Msomaji, Mombasa)

Hayajaumaliza, na wengi wanaoyataja wanayataja kwa kosa.

Gombo kubwa la Isaya lilipatikana mwaka 1947 katika pango la Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi. Lina urefu wa zaidi ya mita 7, safu 54 za maandishi, na ni kitabu chote. Umri wake unakadiriwa kuwa miaka 100 na zaidi kidogo kabla ya Kristo. Koreshi aliichukua Babeli mwaka 539 K.K. Kwa hiyo gombo hili lilinakiliwa karne nne hivi baada ya Koreshi. Haliwezi kuthibitisha kwamba Isaya aliandika karne moja na nusu kabla yake. Linaonyesha kwamba mnakili alikiona kitabu kuwa kimoja: sura ya 40, ambapo wanazuoni wengi husema mwandishi wa pili anaanza, inaanza kwenye mstari wa mwisho wa safu bila nafasi ya kuitenga. Hiyo ni dalili, si hukumu.

Gombo lina nguvu pale ambapo wengi hawalipeleki, yaani Isaya 53. Mtumishi aliyejeruhiwa kwa makosa yetu, akazikwa na tajiri: hapo hakuna awezaye kusema Wakristo waliandika baada ya tukio, maana gombo lenyewe limewatangulia.

Kuhusu Koreshi, mpe rafiki yako hali halisi. Wanaoshikilia Isaya wa karne ya 8 K.K. wana ushuhuda wa kitabu chenyewe na mapokeo ya Kiyahudi na ya Kanisa. Wanaosema karne ya 6 wanaangalia kwamba sura za 40 na kuendelea zinaongea na watu walio tayari uhamishoni. Sisi tunasimama na wa kwanza, tena kwa sababu ya hoja ya kitabu chenyewe: katika Isaya 41 hadi 48 Mungu anazishindanisha sanamu naye juu ya jambo hilohilo, nani aliyetangaza kabla halijatukia. Koreshi angekuwa tayari anajulikana kila soko, changamoto hiyo ingekuwa kichekesho. Lakini hiyo ni hoja ya kiimani na ya kifasihi. Usimletee kama cheti cha maabara.

Tukio lenyewe halina ubishi. Kumbukumbu za Kibabeli za mfalme Nabonidus zinaeleza jeshi la Koreshi likiingia Babeli bila vita tarehe 16 ya mwezi Tashritu, ambayo kwa kalenda yetu ni Oktoba 539 K.K., na Koreshi mwenyewe akiingia siku 17 baadaye. Silinda ya Koreshi, kipande cha udongo cha urefu wa sentimita 22 na kitu, kilichofukuliwa Babeli mwaka 1879, inasema aliwarudisha watu na miungu yao kwenye makao yao. Wahubiri wengi husema silinda inawataja Wayahudi. Haiwataji, wala Yerusalemu. Inachoonyesha ni siasa ya Koreshi, na amri ya Ezra 1 inaingia humo bila kulazimishwa.

Kanisani kwetu tunahesabu majuma 70 ya Danieli 9 kuanzia 457 K.K. Kanisa jirani linaanzia 445 K.K. Kila mmoja anafika kwa Yesu. Inawezekanaje? Na mimi nikihesabu napata mwaka mmoja pungufu. (Mzee wa kanisa, Kisii)

Mzee, tuanze na mwaka wako uliopotea. Hakuna mwaka sifuri. Baada ya 1 K.K. unakuja moja kwa moja 1 B.K. Kwa hiyo ukivuka kutoka K.K. kwenda B.K., toa kisha ongeza 1. Hapo ndipo madarasa mengi yanapojikwaa.

Hesabu ya kanisa lako: Danieli 9:25 inahesabu majuma 69 kutoka amri ya kuujenga upya Yerusalemu mpaka masihi, na juma moja huchukuliwa kuwa miaka 7. Majuma 69 mara miaka 7 ni miaka 483. Amri ni ile ya Ezra 7, mwaka wa 7 wa Artashasta, mfalme wa Uajemi, 457 K.K. Sasa 483 toa 457 ni 26, ongeza 1, unapata 27 B.K., karibu na kubatizwa kwa Yesu. Faida yake ni kwamba inatumia miaka ya kawaida. Udhaifu wake ni kwamba barua ya Ezra 7 inahusu ibada ya hekalu, sadaka na waamuzi; kujenga mji hakutajwi waziwazi, ingawa wanaoitetea hunyoosha kidole Ezra 4 na Ezra 9:9.

Hesabu ya jirani: amri ni ya Nehemia 2, mwaka wa 20 wa Artashasta, 445 au 444 K.K., na hapo mji na kuta vinatajwa wazi. Ila miaka 483 ya kawaida kutoka 444 inafika 40 B.K., mbali mno. Ndiyo maana wao hutumia mwaka wa siku 360, kwa kuwa Ufunuo 11 inalinganisha miezi 42 na siku 1,260. Basi 483 mara 360 ni siku 173,880. Gawa kwa 365.2422: unapata miaka 476 na siku kama 25. Kutoka 444 K.K. hiyo inaangukia 33 B.K.; kutoka 445, ni 32 B.K. Udhaifu wake ni kwamba Wayahudi hawakuishi kwa mwaka wa siku 360 moja kwa moja. Waliongeza mwezi wa 13 kila ulipohitajika ili Pasaka isihame majira. Wanaotangaza hata siku, wakisema ni Jumapili ya Mitende kamili, wamefikia usahihi ambao tarehe za kuanzia haziwezi kuubeba.

Wapo pia wanazuoni wanaosema Danieli 9 inamhusu Antioko wa Nne, mfalme wa Kigiriki wa Shamu aliyelinajisi hekalu mwaka 167 K.K. Muulize anayesema hivyo akuonyeshe miaka 490 inaanzia wapi. Kutoka kuanguka kwa Yerusalemu, 586 K.K., inafika 96 K.K. Kutoka amri ya Koreshi ndiyo inazidi kusogea mbele. Wengi wao hujibu kwamba namba ni za mfano, jambo ambalo nao wana haki ya kulisema, ila basi wasidai hesabu yao ndiyo sahihi.

Ushauri wetu: fundisheni mfuatano kuliko tarehe. Danieli 9:26 inasema masihi atakatiliwa mbali, kisha mji na patakatifu vitaangamizwa. Patakatifu paliangamizwa 70 B.K. Anayemtafuta masihi wa aya hiyo kwa mpangilio huo amtafute kabla ya mwaka huo. Na nakala za Danieli za Qumran, moja ikikadiriwa kuwa ya mwishoni mwa karne ya 2 K.K., zinafunga mlango wa kusema maneno hayo yaliandikwa baada ya Warumi.

Yesu alisema halitasalia jiwe juu ya jiwe. Mbona Ukuta wa Maombolezo umesimama mpaka leo? (Msomaji, Mwanza)

Kwa sababu ukuta huo si wa hekalu. Herode alipotanua uwanja wa kilima, alijenga kuta kubwa kuzunguka ili kuzuia kifusi cha jukwaa, na Ukuta wa Magharibi ni mmojawapo. Sehemu inayoonekana kwenye uwanja wa maombi ni kama mita 57, katika urefu wote wa mita 488. Wanafunzi katika Mathayo 24:1 na Marko 13:1 walikuwa wakionyesha majengo ya hekalu. Katika majengo hayo hakuna lililosimama.

Ushahidi wa kuangushwa kwake unaonekana kwa macho. Kwenye kona ya kusini-magharibi, wachimbaji wakiongozwa na Benjamin Mazar kuanzia mwaka 1968 walikuta mawe makubwa yamelala juu ya barabara ya enzi ya Herode, pale yalipoangukia. Jiwe moja lililotoka juu ya kona lina maandishi ya Kiebrania kuhusu mahali pa kupigia tarumbeta.

Luka 19:43 inaongeza boma la kuzunguka mji. Josephus, aliyekuwapo upande wa Warumi, anasema Tito, jemadari wa Warumi, alijenga ukuta wa stadia 39, yaani kilomita 7 hivi, wenye ngome 13, kwa siku 3. Baada ya hapo njaa ikafanya kazi yake.

Mtu akikuambia Injili ziliandikwa baada ya mwaka 70, usikasirike. Wanazuoni wengi humweka Luka baada ya hapo. Wengine humweka mapema, kwa kuwa Matendo inakoma Paulo akiwa bado hai Rumi. Mwonyeshe Luka 21:20-21: mkiona mji umezungukwa na majeshi, kimbieni milimani. Hilo ni agizo la kutumika, na baada ya mwaka 70 halina wa kumfaa. Nafasi ya kulitumia ilipatikana: mwaka 66 jemadari Mrumi Cestius Gallus aliufikia mji kisha akarudi nyuma, na Eusebius, mwanahistoria wa Kanisa la kale, anaandika kwamba Wakristo wa Yerusalemu walihamia Pella, ng'ambo ya Yordani.

Tumsifu Yesu Kristo. Mathayo 27:9 inasema vipande 30 vya fedha vilitabiriwa na Yeremia. Nimevitafuta Yeremia sivioni, vimo Zekaria. Mathayo alisahau? (Katekista, Tabora)

Milele amina. Vipande 30 na mfinyanzi vimo Zekaria 11:12-13, kweli. Lakini angalia Mathayo anachokisimulia: shamba, shamba la mfinyanzi, mahali pa maziko, damu isiyo na hatia. Hayo Zekaria hana. Yapo Yeremia 19, penye mtungi wa mfinyanzi, bonde la mwana wa Hinomu na makaburi. Na Yeremia 32 penye kununua shamba kwa fedha, shekeli 17. Mathayo ameunganisha maandiko mawili akamtaja nabii mkubwa. Marko amefanya hivyohivyo katika 1:2-3, ambapo Malaki na Isaya wote wanaitwa Isaya. Lipo pia jibu la zamani kwamba Yeremia ndiye aliyetangulia katika mpangilio mmoja wa Kiyahudi wa manabii, na mpangilio huo kweli upo katika Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa Kiyahudi, ila sisi tunaona jibu la kwanza linatosha.

Vipande 30, kwa taarifa yako, ni fidia ya mtumwa aliyepigwa pembe na ng'ombe (Kutoka 21:32). Zekaria anauita mshahara huo "mzuri" kwa kejeli.

Hosea 11:1 inaongelea Israeli kutoka Misri, jambo lililokwisha pita. Mathayo 2:15 anaufanyaje unabii? (Msomaji, Bukavu)

Si utabiri wa moja kwa moja, na hatusemi ni utabiri. Mathayo anamwonyesha Yesu akiipitia upya njia ya Israeli: Misri, maji, jangwa siku 40 badala ya miaka 40. Aya za aina hii ziweke kwenye fungu lake. Mtu anayezihesabu pamoja na Mika 5:2, inayotaja mji wa Bethlehemu Efrata kwa jina, ndiye anayepata zile orodha za mamia ambazo mkosoaji huzibomoa kwa dakika tano.

Kuna ujumbe unasambazwa WhatsApp kwamba mtu mmoja kutimiza unabii 8 ni bahati moja katika namba 1 yenye sifuri 17. Tuutumie kwenye mkutano wa injili? (Msomaji wa Kiswahili, Minnesota)

Tusingeutumia. Hesabu hiyo inazidisha makadirio manane, na makadirio yenyewe ni ya kukisia. Kuzidisha kunahitaji kila tukio lisitegemee jingine, nayo yanategemeana. Zaidi ya hayo, kumpanda punda (Zekaria 9:9) si bahati: Yesu alituma punda aletwe, akijua maandiko. Alikuwa anatoa dai mbele ya mji mzima. Ukiligeuza kuwa bahati nasibu umelipunguza. Chukua yale ambayo mtu hawezi kujipangia, kama mahali pa kuzaliwa na maangamizi ya mji kama miaka 40 baada ya kufa, uyaeleze vizuri bila sifuri.

Tunaandaa mafundisho ya unabii kwenye fellowship, Jumatano nne. Tuyapangeje? (Kiongozi, Eldoret)

Chukueni sura moja kwa kila Jumatano, msizidishe: Ezekieli 26, Isaya 44 na 45, Danieli 9, Luka 19 na 21 pamoja. Dakika 75 zinatosha. Dakika 15 za kwanza someni sura nzima kwa sauti, pamoja na iliyotangulia na inayofuata. Kisha chora jedwali la safu nne ubaoni: maneno ya unabii, tarehe ya kuandikwa, kilichotokea, nani nje ya Biblia anasema hivyo. Kila dai liwe na mstari wake. Ezekieli 26 peke yake inatoa mistari sita au saba. Safu ya nne ikikosa jina la shahidi, iache tupu. Vijana wataiamini zaidi mistari iliyojaa wakiona mmeacha mingine wazi.

Dakika 20 za mwisho toeni alama: T kwa lililothibitika, E kwa linaloelekea kuwa hivyo, B kwa linalobishaniwa. Mstari wa 14 wa Ezekieli 26 ukipata B, somo la Tiro haliharibiki.

Kinachovuruga mafundisho haya karibu kila mara ni kuanzia kwenye habari za wiki hii: vita fulani, kiongozi fulani, chipu, halafu kutafuta aya ya kufanana nazo. Weka sharti kwamba kwa Jumatano zote nne simu zinakaa mfukoni na hakuna tukio la baada ya karne ya 1 litakaloingia ubaoni, isipokuwa uchimbaji wa mambo ya kale.

Miaka 70 ya Yeremia ni ipi hasa? (Msomaji, Zanzibar)

Yeremia 25:11-12 inasema mataifa yatamtumikia mfalme wa Babeli miaka 70, kisha Babeli itaadhibiwa. Dola ya Ashuru ilimalizika 609 K.K., Babeli ikashika. Babeli ikaanguka 539 K.K. Hiyo ni 70. Wengine huhesabu kutoka kuchomwa kwa hekalu, 586, hadi hekalu jipya kukamilika katika mwaka wa 6 wa Dario (Ezra 6:15), mapema 515 K.K., nayo inafika 70. Ukianzia 605, mateka wa kwanza, hadi kurudi 538, unapata 67 tu, kwa hiyo anayeanzia hapo hana budi kusema 70 ni namba ya jumla. Sisi tunapendelea ya kwanza kwa sababu aya inazungumzia utawala wa Babeli.

Nabii mmoja alitabiri jambo kwa mwezi maalumu, halikutokea, sasa anasema maombi yetu yameligeuza. Nitajuaje? (Jina tumelihifadhi, Dar es Salaam)

Ninawi iliepuka kweli (Yona 3), na Yeremia 18:7-10 inaeleza kanuni: onyo la hukumu linaweza kuondolewa watu wakitubu. Kwa hiyo uliza mambo mawili. Je, lilikuwa onyo lililoita watu kutubu, au lilikuwa tangazo la ushindi, ndoa, kiti cha mtu? La pili halina kisingizio cha Yona. Linapimwa kwa Kumbukumbu la Torati 18:22. Na je, maelezo ya kwamba "limegeuzwa" yalitolewa kabla ya tarehe au baada yake?

Hanania katika Yeremia 28 alitoa tarehe: ndani ya miaka miwili vyombo vya hekalu vitarudi. Alisema hayo mwezi wa 5, mbele ya makuhani na watu wote. Yeremia hakubishana naye papo hapo. Alisema amina, Bwana afanye hivyo, lakini nabii wa amani atajulikana neno lake litakapotimia. Hanania alikufa mwezi wa 7 wa mwaka uleule, na vyombo havikurudi mpaka siku za Koreshi. Wewe pia unaweza kuandika maneno aliyosema, neno kwa neno, na tarehe aliyoyasema, siku hiyohiyo, ukayaweka. Na hata likitimia, Kumbukumbu la Torati 13:1-3 inataka uangalie anakupeleka kwa nani.